Watu Niliowaweka Mabanini

Kosa langu la kwanza katika kazi ya ramani lilikuwa kuhesabu mabani ya tumbaku nikidhani ni nyumba za watu. Bani, kwa asiyelijua, ni jengo la udongo au matofali ambamo majani ya tumbaku hutundikwa na kukaushwa kwa moto wa kuni. Halina kitanda. Hakuna anayelala ndani yake, na atakayejaribu hataamka salama. Mimi niliyapa wakazi mabani ya kitongoji kizima, kila bani watu watano, nikachapa kwa rangi, kisha nikapitisha karatasi kwenye mashine ya plastiki ili maji yasiiharibu.

Naandika haya kwa mpangilio kwa sababu nikiyasimulia kwa mdomo huwa naruka sehemu zinazoniaibisha.

Nilizaliwa Tabora mjini, kwenye nyumba ambayo chumba cha mbele ni karakana ya baba. Baba ni fundi seremala. Mimi mikono yangu ilishindwa randa mapema sana, akaniacha nikae na vitabu. Kidato cha nne nilifaulu Jiografia na kufeli Hesabu, na atakayesoma mpaka mwisho ataona kwamba vyeti havikosei sana. Nikapata kazi kwenye stationari moja karibu na stesheni: kutoa kopi, kuchapa barua za kuomba kazi, kukata picha za pasipoti. Wateja walipopungua nilibaki na kompyuta. Nikajifundisha kuchora ramani kwa kutazama video za bure. Mwalimu wangu mkuu alikuwa mtu anayezungumza lugha nisiyoijua hata neno moja. Nilifuata mshale wake kwenye skrini. Mpaka leo kuna vitufe ninavyovibonyeza vizuri bila kujua vinaitwaje.

Nilichotaka kujua ni kitu kimoja: watu wako wapi. Kwenye ramani za shuleni Tanzania imegawanywa kwa rangi, kila mkoa umejaa rangi yake mpaka pembeni, kama vile watu wamepakwa sawasawa. Nilijua si kweli. Ukitoka Tabora kwa treni unaweza kusinzia, ukaamka, ukakuta miti ileile. Kwa hiyo nikaanza kuchora nchi kwa nukta, nukta moja kwa watu elfu moja, nikafuta mipaka, barabara na majina. Dar es Salaam ikawa doa jeusi kama wino umemwagika. Kando ya Ziwa Victoria nukta zikasongamana. Huku kwetu magharibi zikawa chache, lakini hazikutawanyika ovyo. Zilijipanga kwenye mstari kuelekea Kigoma, kama sisimizi waliofuata tone la asali. Reli nilikuwa nimeifuta, ikarudi yenyewe. Na reli, kama kila mtoto wa Tabora anavyofundishwa, ilipita karibu na njia ya zamani ya misafara, ile ya wapagazi. Nilikaa nikiitazama ile karatasi mpaka mteja akagonga meza akiulizia kopi zake.

Nikampelekea baba. Alikuwa anapiga msasa mguu wa meza.

"Hii ni nini?"

"Ni watu, baba."

Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. "Mimi yupi?"

Nikamweleza kuwa nukta moja ni watu elfu moja, kwa hiyo yeye yumo pamoja na mtaa.

"Ungeniuliza mimi," alisema. "Mimi najua mji unavyokwenda kwa vitanda. Wakiagiza sita kwa sita, wanaoa. Wakiagiza vya ghorofa, vile vya mmoja juu mmoja chini, basi ndugu wamekuja kutoka vijijini na nyumba haitoshi. Mwaka huu nimetoa vya ghorofa tu. Andika mji unaongezeka."

Sikuandika. Niliona si njia ya kitaalamu.

Nina tatizo ambalo wengine huliita umakini. Nikianza kitu siwezi kukiacha mpaka kiwe sahihi, na huwa hakiwi sahihi. Pale Tabora nilikwama wiki tatu kwa swali la mji unaishia wapi. Jirani zetu wana nyumba mjini, lakini mvua za kwanza zikinyesha wanafunga milango kwa kufuli na kuhamia mashambani kwao hadi mavuno. Wakiwa huko wanasema nyumbani ni mjini. Wakiwa mjini wanasema wamekuja mara moja tu. Nukta yao niiweke wapi? Nilijaribu kuikata, nusu huku, nusu kule. Kwenye printa nusu nukta inaonekana kama uchafu, na bosi wangu akafuta kioo cha mashine akidhani imeharibika.

Nilikuwa kwenye hali hiyo dada yangu aliponipigia simu.

Dada amenizidi miaka sita. Ameolewa na Msukuma, mfugaji na mkulima, kwenye kijiji kimoja upande wa Kaliua. Kijiji kina vitongoji kadhaa, lakini vinavyohusika hapa ni viwili. Kimoja kiko kandokando ya barabara, na watu wake wengi wanalima tumbaku. Kingine kiko ng'ambo ya mbuga, na huko ndiko anakoishi dada. Mbuga, kwetu, ni bonde tambarare la udongo mweusi. Kiangazi unalivuka kwa baiskeli. Masika linajaa maji. Shule ya kijiji iko upande wa barabara.

"Wewe si unachora watu walipo?" aliniuliza. "Basi njoo utuchore sisi. Kijiji kitajenga shule shikizi."

Shule shikizi ni shule ndogo, madarasa mawili matatu ya watoto wadogo, inayojengwa mbali na shule mama ili watoto wasitembee mno. Kijiji kilitakiwa kuonyesha wapi inahitajika zaidi, na mtendaji wa kijiji alikuwa anatafuta mtu wa kumchorea.

"Nimemwambia nina mdogo wangu fundi wa hayo mambo. Mwanangu amerudia darasa la kwanza. Hana ujinga, ni maji tu. Mvua ikianza anakaa nyumbani mpaka mbuga ikauke, akirudi wenzake wameshajua kusoma yeye anaanza a, e, i. Nataka ile shule ije huku. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikamwambia sina haja ya kusafiri, maana picha za satelaiti zinaonyesha kila kitu.

"Zinaniona mimi?"

"Zinaona paa."

"Hili la nyasi?"

Mtandao ukakatika, au nilikata mimi. Nilikata mimi.

Ukweli ni kwamba sikutaka kwenda. Sikuwahi kufika kwake tangu aolewe. Kwenda kungenipotezea siku nne ambazo ningezitumia kuifanya ramani iwe nzuri zaidi. Niliamini picha iliyopigwa kutoka juu ni sahihi kuliko macho yangu, ambayo yanavaa miwani.

Nikachora. Kila bati lililong'aa kwenye picha nililipa nukta nyekundu, nukta moja kwa watu watano. Kitongoji cha barabarani kilikuwa kinang'aa kila mahali, nukta zikajaa. Ng'ambo ya mbuga niliona mabati machache, mazizi ya ng'ombe, na vitu vya mviringo vya rangi ya majani makavu ambavyo niliamua ni vichuguu. Sehemu kubwa nikaipaka kijani nikaandika MALISHO. Kisha nikaanza kazi ya kweli, kama nilivyoiona wakati ule. Nilibadilisha aina ya herufi mara kumi na moja. Mshale wa kaskazini niliusogeza nusu sentimita, nikaurudisha. Niliamka siku moja na wasiwasi kwamba wekundu wa nukta unatisha, nikaupunguza.

Mtendaji alikuja mjini kuichukua. Alikuwa mtu mpole mwenye mkoba wa ngozi uliokatika mkanda. Aliitazama pembe hadi pembe.

"Hii imetoka wilayani?"

"Hapana, nimechora mimi."

"Usiwaambie." Akatoa mhuri kwenye mkoba, akagonga pembeni hapohapo juu ya kaunta. Ndipo nikaipitisha kwenye mashine ya plastiki. "Kumbe kitongoji cha barabarani kina watu namna hii," alisema.

"Ndiyo," nilimjibu.

Yeye alikuwa amekaa kwenye kijiji hicho miaka minne. Mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga. Akanishukuru, akaondoka na maarifa yangu.

Wiki chache baadaye alinipigia. Kamati ya kijiji imeipenda sana ramani, imependekeza shule ijengwe barabarani, na mkutano mkuu wa kijiji utakaa kupitisha. Akaniomba nije nieleze mbele ya wananchi. Dada naye alinipigia siku hiyohiyo. Aliniuliza jambo moja tu: kama ni kweli. Nikasema takwimu ndivyo zinavyoonyesha. Akasema, "Haya, karibu." Nilimjua tangu utotoni. Hiyo "karibu" haikuwa na chai ndani yake.

Nilipanda treni mpaka Kaliua, pale ambapo njia ya Mpanda inaachana na ya Kigoma na nusu ya abiria hushuka na magunia yao. Ilikuwa mwishoni mwa masika. Nikachukua bodaboda hadi kijijini, nikafika mchana, siku moja kabla ya mkutano. Mtendaji alikuwa na wageni ofisini, akaniambia nizungukezunguke.

Nilikuwa na wasiwasi wa mita tano. Nilihofia kwamba nukta zangu zimekaa kando kidogo ya milango, na kwamba kesho mtu atasimama aseme nyumba yangu haiko hapo, iko hapa. Kwa hiyo nikawasha simu, nikatafuta nukta ya kwanza kwenye kitongoji cha barabarani, nikaifuata mpaka mlangoni. Ilikuwa imekaa sawasawa. Nilifurahi. Ukuta ulikuwa wa udongo, mrefu, bila madirisha, na bati jipya kabisa. Moshi ulitoka chini ya ukuta. Nikadhani wanapika.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Nikagonga. Mlango ulikuwa wa moto. Nikasema hodi ya tatu, kama adabu inavyotaka, na hapo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Unamwita nani humo?"

Alikuwa mama wa makamo amebeba kuni begani, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unamwita nani?"

"Wenye nyumba."

Akatua kuni. Akanitazama mimi, akautazama mlango. "Humo wamo majani, baba. Ukisikia wameitika, uje mbio uniite, nami niwasikie."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, watu wanakaa wapi. Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya paa la nyasi hatua kumi kutoka pale. Kwenye ramani yangu mahali hapo palikuwa peupe.

"Mbona nyumba haina bati na hili lina bati?"

"Nyasi ikivuja, mimi nahamisha godoro. Tumbaku ikilowa nahamishia wapi?" Akainama kusukuma kuni kwenye mdomo wa moto chini ya ukuta. "Kila mtu huku anaanza na bani. Ukibaki na bati, ndipo unajikumbuka."

Nilizunguka nukta ishirini na moja. Sitaki kusema nilizifikia zote hizo ili kuthibitisha. Nilikuwa na matumaini. Kwenye nukta ya nane nilikuta nyumba ya kweli, yenye mwenyekiti wa kitongoji ndani yake, akanikaribisha maji na kunishukuru kwa ramani. "Mimi nilikuwa nawaambia tunaongezeka," alisema. "Hawakuniamini mpaka ilipokuja ya plastiki." Nikanywa maji yote. Nukta zilizofuata zilikuwa mabani.

Nikavuka kwenda kwa dada. Kwenye picha ya satelaiti, iliyopigwa kiangazi, mbuga ni mstari wa kijivu wa kuvukwa kwa dakika chache. Mimi nilitumia karibu saa nzima. Maji yalinifika mapajani, udongo ukanivua kiatu kimoja na haukukirudisha. Nakala yangu ya ramani niliibeba kichwani. Ni kweli haikuharibika.

Vile nilivyoviita vichuguu vilikuwa nyumba. Zilizunguka mazizi, mbili hapa, tano pale, na watoto walikuwa kila mahali, wengi, saa za shule. Mmoja wao alikuwa mpwa wangu. Alinitazama mguu wenye kiatu, kisha usio nacho, akaenda kumwita mama yake.

Dada alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaitika, akaniletea maji ya kunawa miguu na kigoda. Shemeji alitoka zizini akicheka kabla hajanifikia.

"Shem! Umekuja kutuhesabu au kutuaga?"

Nilikuwa nimepanga njiani namna ya kusema, nikasema bila mpangilio wowote. Niliwaambia kuhusu bati, mabani, hodi tatu. Dada aliendelea kupukuchua. Mpwa wangu alikuwa ameichukua ramani, ameitandaza chini, anafuata herufi kwa kidole.

"Ma. Li. Sho," alisoma. "Malisho."

Alisoma vizuri. Niliyechapa ni mimi, kwa herufi kubwa.

"Hapo ndipo wapi?" dada aliuliza.

"Hapa," nilisema.

"Hapa tulipokaa."

"Ndiyo."

Shemeji aliinama akaitazama. "Na ng'ombe wangu wamo?"

"Hawamo."

"Basi shem umetupunja sote. Umeandika malisho, ungeweka basi na ng'ombe, wangetusaidia kuomba shule."

Yeye alicheka. Dada hakucheka. Alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Nilimwambia mtendaji akutafute wewe. Kwenye kikao nilisimama nikasema mdogo wangu hakosei, tangu mdogo anarudia kitu mpaka watu wanachoka. Nilijisifia."

Nikachukua hindi moja nikaanza kupukuchua. Alilitoa mkononi mwangu. "Unamwaga," alisema.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuumwa. Ya pili, kueleza ramani haraka kwa maneno magumu, kupanda bodaboda, na kutopokea simu tena kutoka namba za huko. Ya tatu nilijua ni ipi. Nazitaja zote kwa sababu ya kwanza niliifikiria kwa makini, mpaka nikachagua ugonjwa.

Asubuhi tulivuka wote. Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Ramani ilikuwa imetundikwa ukutani kwa misumari minne, iking'aa, na watu walipita mbele yake kwa heshima kama wanamtembelea mgonjwa. Mtendaji alinitambulisha kuwa ni mtaalamu kutoka Tabora mjini. Nikasimama na kiatu cha shemeji, namba mbili zaidi.

"Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Kumetokea hitilafu ndogo ya kitaalamu katika uchakataji wa..."

"Sema mabani," ilisema sauti.

Alikuwa yule mama wa kuni. Nilikuwa sijajua kwamba yeye ni balozi wa nyumba kumi kwenye kitongoji cha barabarani.

"Nilihesabu mabani," nilisema. "Nilidhani ni nyumba. Nyumba za nyasi sikuzihesabu, huku wala ng'ambo. Sikufika. Nilichora nikiwa mjini."

Mwenyekiti wa kitongoji cha barabarani, aliyenipa maji jana, aliinuka.

"Ndugu mtendaji, hii ramani ina mhuri au haina?"

"Ina," mtendaji alisema akitazama mkoba wake.

"Basi kama ina mhuri ni ya serikali, na kijana hawezi kuja leo kuikana."

"Mhuri umegongwa pembeni," balozi alisema. "Haukufika mabanini." Watu wakaanza kucheka. "Mwenyekiti wangu, mimi nina mabani mawili. Kwa karatasi hii nina watu kumi mle ndani. Kumbe ndio wanaonimalizia kuni!"

"Mama balozi, wewe uko upande gani? Shule ikija huku si ni wajukuu zako watakaosoma karibu?"

"Wajukuu zangu wanafika shule kabla ya kengele na wameshanunua maandazi njiani. Hao wa ng'ambo wanafika wamelowa mpaka hapa." Akajigusa kiunoni. "Wakifika. Hebu tuhesabu watoto, tuache kuhesabu mapaa."

Wakahesabu. Ilichukua muda mfupi kuliko niliotumia kuchagua aina ya herufi. Mtendaji aliwataka wazazi wa kila kitongoji wasimame kwa zamu, na kila mzazi ainue mkono mmoja kwa kila mtoto anayepaswa kuwa chekechea hadi darasa la pili. Wa barabarani waliinua, mkono mmoja mmoja, wengine miwili. Wakaja wa ng'ambo. Dada yangu aliinua mkono mmoja, ukanyooka sana. Mzee mmoja mwenye wake watatu aliinua miwili, akamgeukia shemeji akamwomba amwazime yake, kisha akamgeukia jirani wa upande wa pili. Mwenyekiti alipinga kwamba mikono ya kuazima haihesabiki. Mzee akauliza kama basi awalete wenyewe, na wako huko kwenye maji. Mwishowe ilibidi balozi mwenyewe apite katikati yao akitaja nyumba moja baada ya nyingine, mtoto kwa mtoto, hata yupi yuko kwa bibi yake Nzega na atarudi lini. Hakuna aliyempinga. Mtendaji aliandika. Mkutano ukapitisha shule ijengwe ng'ambo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mtendaji alikuwa ameshapeleka wilayani, ili kuokoa muda, muhtasari wa kamati pamoja na nakala ya ramani. Ilikuwa nzuri mno kubaki kijijini, alisema. Kuirudisha kulihitaji muhtasari mpya, barua ya kijiji, na barua yangu mimi inayoeleza kwa nini ya kwanza si sahihi. Barua hiyo niliichapa mara moja tu, bila kurekebisha herufi. Kisha tukasubiri. Kiangazi kikapita, bahati mbaya moja baada ya nyingine: faili halionekani, mhusika kahama, faili limeonekana lakini ni la kwanza. Mvua zikakaribia na ng'ambo hapakuwa na hata tofali.

Dada alinipigia.

"Mwanangu harudii darasa tena," alisema. "Namleta kwenu. Atasoma mjini masika yote, na wewe utampeleka na kumrudisha."

"Sawa dada."

"Kwa miguu yako."

"Sawa."

Baba alitengeneza kitanda cha ghorofa. Mpwa wangu akalala juu, mimi chini, kwenye chumba ambacho nilizoea kutandaza karatasi sakafuni. Baba alipomaliza kufunga skrubu ya mwisho alinitazama. "Umeona?" alisema. "Andika mji unaongezeka."

Safari hii niliandika. Ukichora Tabora ya mwaka ule kwa nukta ya mtu mmoja mmoja, kuna moja iliyohama kutoka ng'ambo ya mbuga kuja mjini, na sababu ni mimi. Alikaa miezi mitano. Wiki ya kwanza alilia kila jioni, si kwa sauti, na mimi chini nilisikia ubao ukitikisika. Baadaye alizoea. Nilimpeleka shule na kumrudisha, na njiani alinieleza nyumba za kwao, nani anakaa wapi, mbwa gani anauma. Nilinunua daftari nikaanza kuandika anayosema. Alinisahihisha mara nyingi. Siku moja nilimwonyesha ile nchi yangu ya nukta, akauliza swali lilelile la babu yake: yeye yupi. Nilishindwa tena.

Mtendaji alihamishwa. Wilayani hatimaye walikubali ombi jipya, na wananchi wa pande zote mbili wakafyatua matofali. Balozi alituma ya kwake kwa mkokoteni wa ng'ombe mbuga ilipokauka. Mwenyekiti wa kitongoji cha barabarani bado haitikii salamu yangu, au anaitika kwa chini sana, na sijawahi kumlaumu.

Madarasa ni mawili. Yameezekwa kwa bati. Ukifungua picha mpya ya satelaiti yanaonekana ng'ambo ya mbuga kama punje mbili nyeupe, na asiyejua angeweza kusema ni mabani.

Bado nafanya kazi stationari, na bado nachora. Siku hizi naenda kwanza, napiga hodi, nasubiri mtu aitike, ndipo naweka nukta. Ramani zangu zina makosa ya herufi ambayo nimeyaona na kuyaacha. Mpwa wangu yuko darasa la pili kwenye shule ya ng'ambo. Masika haya hajakosa shule hata siku moja kwa sababu ya maji.